Andika Arobaini

Kila Ijumaa alasiri, kwenye kampuni ya uwakala wa matangazo niliyoifanyia kazi kwa miaka mitano, ofisi ilinyamaza kwa dakika kama 20 hivi. Simu zililia bila kupokelewa. Kila mtu alikuwa ameinamia kompyuta yake akijaza jedwali la saa. Kushoto kuna majina ya wateja, juu kuna siku tano za kazi, na chini kabisa, pembeni kulia, kuna kisanduku kidogo cha jumla. Kisanduku hicho kilitakiwa kisomeke 40. Ukiandika pungufu, unaitwa uulizwe ulikuwa wapi. Ukizidisha kinageuka chekundu, na unaitwa vilevile.

Makala hii nimeianza mara nyingi nikaiacha. Kila nilipoanza nilijikuta namsimulia bosi: sauti yake, mlango wake uliokuwa ukibamizwa, namna alivyoweza kuivuruga kazi ya wiki mbili kwa sentensi moja mbele ya watu kumi na wawili. Bosi mkali husimulika kirahisi, na msomaji humchukia bila taabu. Lakini katika miaka yangu mitano walipita mabosi watatu, kila mmoja na tabia yake, na mmoja wao alikuwa mpole, mtu wa kusalimia kila meza asubuhi. Maisha yetu hayakubadilika. Kilichobaki palepale, chini ya wote watatu, ni kile kisanduku. Kwa hiyo nitaanza nacho.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa idara ya uhasibu aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu. Siku moja nilimpelekea fomu ya safari nikamuuliza, kwa kulalamika tu, kwa nini kampuni inayojisifu kwa ubunifu inahangaika hivi na saa za watu. Akanivutia kiti. Akaniambia kwamba kazi hii ilianza kama udalali. Mawakala wa mwanzo, mtu kama Volney Palmer kule Philadelphia katika miaka ya 1840, walikuwa wakiuza nafasi za magazeti kwa wafanyabiashara na kukatiwa chao na gazeti. Maneno na michoro vilikuja baadaye, kama kivutio. Na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kawaida ya kazi hii ilikuwa asilimia 15: mteja akinunua nafasi gazetini, redioni au kwenye televisheni, wakala anabaki na 15 katika kila 100. Mteja akitumia fedha nyingi, wakala ananenepa. Hakuna aliyehesabu mwandishi amekaa muda gani na sentensi yake.

Kisha wateja wakubwa wakaanza kuuliza swali la haki kabisa. Kwa nini tangazo lilelile niligharimie mara tatu kwa sababu tu nimelirusha mara tatu? Asilimia zikaanza kukatwakatwa, na nafasi yake ikachukuliwa na ada inayopigwa kwa saa. "Tangu hapo," mama yule aliniambia, "hatuuzi tena nafasi ya gazeti. Tunawauza ninyi."

Hesabu yenyewe inakwenda hivi. Mteja anasaini mkataba wa mwaka unaosema atapata nusu ya muda wa mwandishi, robo ya muda wa mbunifu, kiasi fulani cha muda wa meneja wa akaunti, yaani mtu anayesimamia mahusiano na mteja. Kila nafasi ina bei yake ya saa. Jumlisha, gawa kwa miezi 12, ndiyo ada. Kwenye karatasi inapendeza. Ila mteja hafikirii kwa saa, na hana sababu ya kufikiria hivyo. Anafikiria kwa mabango. Anataka bango, kisha anataka nembo iongezwe ukubwa, kisha mkewe ameona rangi ile inafanana na ya mshindani, kisha tarehe ya uzinduzi imewahishwa kwa siku kumi. "Mabadiliko madogo tu" ndiyo sentensi niliyoisikia kuliko nyingine yoyote katika ujana wangu.

Saa za ziada zikishazaliwa hivyo, zina milango mitatu ya kutokea. Mteja alipe, na hapo kuna mazungumzo magumu na hofu kwamba atahamia kwa mshindani. Kampuni ibebe, na hapo kuna maelezo ya kutoa kwa wenye hisa. Au saa zisiandikwe kabisa, mfanyakazi azitoe mwilini mwake usiku, na mwisho wa wiki kisanduku kisomeke 40. Milango miwili ya kwanza ina walinzi. Wa tatu uko wazi siku zote.

Na kuna kitu kilichonichukua miaka kukiona. Mkataba wa mwaka unaofuata hupangwa kwa kuangalia majedwali ya mwaka uliopita. Majedwali yanasema kazi yote ile ilifanyika kwa saa 40 kwa wiki, na watu wakarudi nyumbani. Basi mteja anapewa bei ileile, wakati mwingine pungufu, na kazi inaongezwa. Uongo wetu wa mwaka huu ndio uliokuwa bajeti yetu ya mwaka ujao. Tulijichimbia shimo kwa koleo letu wenyewe, kila Ijumaa, kimyakimya.

Lugha ya pale ilikuwa na neno moja lililofanya kazi kuliko watu wote: familia. "Sisi hapa ni familia." Lilitamkwa kila palipohitajika mtu kubaki. Sikumbuki likitamkwa mtu alipohitaji kuondoka. Mwenzetu mmoja, meneja wa akaunti, alifiwa na baba yake siku ya Jumatano. Aliondoka saa 5 asubuhi. Kabla hajafika kwao ulimwingia ujumbe kutoka kwa mkuu wake, na baadaye alinionyesha simu yake, nikausoma kwa macho yangu: "Pole sana dada kwa msiba mzito, Mungu akutie nguvu wewe na familia. Lile faili la mwisho la bango liko folda gani?" Vyote katika ujumbe mmoja, bila hata kuruka mstari. Yeye, akiwa njiani kwenda kumzika baba yake, alijibu. Aliandika jina la folda. Na kilichonishtua baadaye ni kwamba mimi niliposoma ujumbe ule siku ile, sikushtuka.

Kulikuwa na kundi la WhatsApp. Saa 5 usiku, saa 6, wakati wowote bosi angeandika neno moja: "Mko?" Majibu yakaanza kushindana: "Tupo bosi." "Nipo." "Tupo pamoja." Aliyejibu wa kwanza alikuwa mwaminifu, aliyejibu asubuhi alikuwa na maswali ya kujibu. Ufaransa ilianza kutumia sheria mwaka 2017 inayozitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kukaa na wafanyakazi wao na kujadiliana juu ya haki ya kuzima simu ya kazi. Mwenzangu alipoituma habari hiyo kwenye kundi letu, watu waliweka alama za kucheka, na mimi niliweka. Ilikuwa saa 4 na nusu usiku na sote tulikuwa tukifanya kazi.

Kwenye vikao tulikuwa watu wa kukubali. Amy Edmondson wa Harvard, mtafiti ambaye kazi zake nimezisoma baada ya kuondoka, alipokuwa bado mwanafunzi wa udaktari alichunguza timu za hospitalini akitarajia kukuta kwamba timu bora hufanya makosa machache ya dawa. Takwimu zikamwonyesha kinyume: timu zilizokuwa bora zilionekana kuwa na makosa mengi zaidi. Alipochimba akagundua sababu. Timu zile zilikuwa zinayasema makosa yao, nyingine zilikuwa zinayaficha. Mwaka 1999 alichapisha kazi yake juu ya usalama wa mtu kisaikolojia ndani ya timu, yaani imani kwamba ukisema "nimekosea", "sijaelewa" au "haiwezekani" hutaadhibiwa wala kudhalilishwa. Nilisoma nikakumbuka vikao vyetu. Mteja anaomba kampeni nzima kwa siku nne. Bosi anageuka anatutazama mmoja mmoja. Kila mmoja wetu anajua haiwezekani, na kila mmoja anatikisa kichwa kwamba sawa. Ripoti zetu hazikuwa na kosa hata moja. Tungehesabiwa kuwa kampuni yenye afya.

Sasa nifike kwenye wiki ambayo nimekuwa nikiizunguka.

Katika kazi hii kuna mashindano ya kuwania mteja. Kampuni kubwa inatangaza kwamba inatafuta wakala mpya, inaita wakala wanne au watano, kila mmoja anaandaa kampeni kamili, mikakati, maneno, michoro, hata filamu fupi, halafu anachaguliwa mmoja. Mara nyingi wote hufanya bure, na aliyeshindwa anarudi nyumbani na makabrasha yake. Kwenye jedwali letu la saa, kazi ya aina hiyo haikuwa na mstari wake, kwa sababu hakukuwa na mteja wa kudaiwa. Yaani hata ukitaka kuandika ukweli, huna pa kuuandika.

Mwaka wangu wa nne tuliwania mteja mkubwa. Nilikuwa nimepandishwa cheo kuwa kiongozi wa timu ya watu watano, na mmoja wao alikuwa mbunifu wa michoro, kijana wa miaka 23, mwenye miezi sita tu kazini. Alikuwa na mkono mzuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Aliweza kukaa na herufi moja ya nembo, akaisogeza upana wa unywele, na ghafla neno zima likasimama. Aliniita dada, nami nilimwita mdogo wangu, na tulimaanisha.

Wasilisho lilikuwa Ijumaa saa 4 asubuhi. Alhamisi aliingia ofisini saa 11 alfajiri kwa sababu bosi alikuwa amebadili wazo kuu Jumatano usiku. Saa 9 usiku wa kuamkia Ijumaa tulikuwa watatu tumebaki, tumefika slaidi ya 34 kati ya 52. Ilikuwa slaidi yenye rangi ya bluu ya mteja, na ile bluu ilikuwa inakataa. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikitazama kioo. Mshale wa kipanya ukawa unacheza, kama mtu anayeandika ndani ya gari kwenye barabara ya mashimo. Nikadhani kipanya kimeharibika. Nikatazama chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka, na alikuwa ameukamata kifundo kwa mkono wa kushoto, ameubana mezani, ili aweze kuvuta mstari mmoja ulionyooka. Hakuwa anajua kwamba namwona. Akavuta mstari. Ukanyooka.

Nilimwambia, "Tumalizie hizi mbili tu, mdogo wangu, halafu upumzike kidogo." Zilikuwa zimebaki kumi na nane.

Wasilisho lilikwenda vizuri. Saa 5 asubuhi mteja akatushika mikono, bosi akatushukuru kwa majina, na wale waliokesha wakaruhusiwa kwenda kulala, ila wajaze kwanza majedwali yao. Nilikuwa nakusanya vitu vyangu pale mfumo uliponiletea arifa: jedwali la mtu wa timu yangu limegeuka jekundu na linasubiri kiongozi wake. Nikalifungua. Jumatatu 12, Jumanne 13, Jumatano 16, Alhamisi 19, Ijumaa 11. Jumla 71. Kwa kuwa hapakuwa na mstari wa kazi ile, alikuwa ameziweka zote kwenye mstari wa "mengineyo". Hakuwa amefanya ujeuri. Aliulizwa amefanya kazi saa ngapi, akajibu.

Nilitembea hadi mezani kwake. Nikainama ili wengine wasisikie, kwa kuwa nilitaka kumstahi.

"Mdogo wangu, andika arobaini."

"Lakini dada, nimehesabu mara mbili."

"Najua. Hapa tunaandika arobaini."

Aliangalia kioo kwa muda. Kisha akafuta, kisanduku kimoja baada ya kingine, akaweka 8, 8, 8, 8, 8. Nikarudi kwenye kompyuta yangu nikabofya "idhinisha". Wekundu ukaondoka. Wiki tatu baadaye tuliambiwa tumeshinda.

Jambo ninalotaka kulisema kuhusu maneno yale mawili ni kwamba niliyasema kwa upendo. Na mimi niliambiwa kwa upendo. Mwezi wangu wa kwanza pale, dada mmoja mwandishi, aliyenitangulia kwa miaka mingi, aliinama hivyohivyo mezani kwangu na kuninong'oneza nisijiharibie, niandike arobaini. Nilimshukuru. Nilijisikia nimepokelewa. Kila ninaposikia watu wakizungumzia utamaduni mbaya kazini kana kwamba ni kazi ya watu wabaya, namkumbuka yeye, nakumbuka na mimi nilivyoinama. Mabaya ya pale hayakuhitaji watu wabaya. Yalipokezanwa na watu waliopendana, kila mmoja akimkinga mwenzake asigombezwe, na kwa kumkinga hivyo akimfundisha kwamba mwili wake hauhesabiki.

Miezi michache baada ya ushindi ule nilisoma habari za Dentsu, wakala mkubwa kuliko wote nchini Japani. Siku ya tarehe 25 Desemba 2015, mfanyakazi wake mmoja, binti wa miaka 24 aliyekuwa na miezi michache tu kazini, alijiua. Ofisi ya serikali ya usimamizi wa kazi ilithibitisha kwamba kifo kilitokana na kazi, na kwamba kabla ya kuugua alikuwa amefanya takriban saa 105 za ziada ndani ya mwezi mmoja. Oktoba 2017 mahakama ya Tokyo iliipiga kampuni faini ya yen 500,000. Japani wana neno la kufa kwa kazi, karoshi, na haikuwa mara ya kwanza kwa kampuni ileile: mwaka 2000 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ilikuwa tayari imeamua kwamba iliwajibika kwa kifo cha kijana mwingine kilichotokea mwaka 1991.

Kilichonifanya nishindwe kuendelea kusoma ni tarakimu moja. Kiwango cha juu cha saa za ziada kilichokubaliwa kwa mwezi kilikuwa 70. Oktoba 2015, kwenye kumbukumbu ambazo binti yule alijaza mwenyewe, palikuwa pameandikwa 69.9.

Niliijua tarakimu ile. Nilijua kuna dakika gani mtu anakaa mbele ya kisanduku akipunguza ukweli mpaka uingie. Na nilijua kwamba mahali fulani pale ofisini pengine alikuwepo mtu mwema aliyeinama kumsaidia.

Mwili wangu ulianza kudai mwaka wa mwisho. Nilianza kusahau maneno, mimi ambaye maneno ndiyo kazi yangu. Ningekaa na sentensi yenye maneno sita nikitafuta la saba kwa nusu saa. Nililala kwa muda wa saa nane mwisho wa juma nikaamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kisha nikaanza kuwachukia wateja, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu nilikuwa nawapenda. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi uliopindukia kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuijengea chuki na dharau, na kushuka kwa ufanisi. Nilikuwa nazo zote. Na shirika hilo liliuandika uchovu huo kama jambo linalotokana na kazi, likasema wazi kwamba halikuuorodhesha kama ugonjwa. Mstari huo ulinisaidia. Daktari alinipa wiki mbili za kupumzika, nikapumzika kweli, nikarudi na uso mpya, na Ijumaa ya kwanza kisanduku kikanisubiri palepale. Hakuna mapumziko yanayotibu kitu ambacho hakimo ndani yako.

Nilikwenda kwa afisa rasilimali watu. Nilijiandaa siku kadhaa. Nilimweleza kwamba timu yangu inafanya kazi saa 55, 60, wakati mwingine 70 kwa wiki, na kwamba nina hofu na afya za watu. Hofu yangu haikuwa ya kubuni. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti wa pamoja uliokadiria kwamba vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo kwa mwaka 2016 vilitokana na kufanya kazi saa nyingi, na kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35 ukimlinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40. Nilikuwa nimezichapa tarakimu hizo kwenye karatasi.

Alinisikiliza. Alikuwa mtu mstaarabu. Kisha akageuza kioo chake ili na mimi nione, akafungua majedwali yangu ya miaka yote, akashuka nayo taratibu, wiki baada ya wiki. Arobaini. Arobaini. Arobaini. "Dada," akasema, "kwenye mfumo huna saa ya ziada hata moja. Wala timu yako." Akanyamaza. Nadhani alikuwa ananihurumia kweli. Ushahidi dhidi yangu niliuandika mwenyewe zaidi ya mara mia mbili, na ushahidi dhidi ya watu wangu niliuidhinisha kwa jina langu.

Nilitoka pale nikawa nafikiria namna saa zilivyoanza kuhesabiwa. Mwaka 1919, mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani ulihusu hilo: saa 8 kwa siku, 48 kwa wiki, viwandani. Mwaka 1930 ukafuata mwingine kwa ajili ya biashara na maofisi. Watu waligoma, wakafukuzwa na wengine wakafungwa, ili saa ya mfanyakazi ihesabiwe na iwe na mwisho. Hesabu ya saa ilikuwa ngao yake. Kwetu ngao hiyo ilikuwa imegeuzwa ikatazama ndani.

Siku ileile nilinunua daftari. Kila usiku kabla ya kulala niliandika saa niliyoanza, saa niliyomaliza, na mteja. Sikuwa na mpango nalo. Nilitaka tu pawepo mahali pamoja duniani penye hesabu ya kweli. Miezi tisa baadaye wastani wangu ulikuwa saa 58 kwa wiki. Nikaandika barua ya kuacha kazi. Kwenye mahojiano ya kuagana nililiweka daftari mezani, na yule afisa akalipitia kurasa chache, akanirudishia kwa mikono miwili, akaniambia kwamba fomu ya sababu za kuondoka ina visanduku vitano na atanijazia "sababu binafsi".

Nimeulizwa mara nyingi tangu niondoke, hasa na vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii, kama nawashauri waingie. Nawaambia kazi yenyewe ni nzuri na bado naipenda. Sasa niko kwenye kampuni ndogo ya watu tisa. Mwezi wa kwanza mkuu wetu aliniambia niandike saa zilizopita kwa kweli, nami sikumwamini, nikaandika arobaini kwa wiki tatu mfululizo. Wiki ya nne alikuja mezani kwangu akaniuliza mbona barua pepe nilimtumia saa 3 usiku na jedwali linasema nilitoka saa 11 jioni. Nikaona aibu kama mtoto. Tangu hapo naandika. Baadaye majedwali yetu yakaonyesha kwamba mteja mmoja anatumia karibu mara mbili ya saa anazolipia, na mkuu wetu akaenda kwake na karatasi zile. Mteja alinung'unika. Alilipia sehemu, akapunguza madai yake kwa sehemu nyingine, na bado ni mteja wetu. Miaka mitano yote niliaminishwa kwamba mazungumzo yale yangetuangamiza. Yalichukua chini ya saa moja.

Yale mengine wanayotangaza siku hizi, siku ya michezo, mtaalamu wa kuja kufundisha kupumua, sina ugomvi nayo. Lakini nikiingia ofisi yoyote leo, ninachotaka kukiona ni jedwali la saa la mtu wa cheo cha chini kabisa katika wiki ngumu kuliko zote, na nani alilisaini.

Yule kijana aliondoka pale miezi minne kabla yangu. Hakuaga sana. Mwaka jana alinitumia ujumbe akiniomba barua ya kumpendekeza, alikuwa anaomba nafasi ya masomo ya ubunifu. Nilikaa na barua ile siku mbili. Niliandika juu ya mkono wake, juu ya herufi na unywele, juu ya slaidi ya bluu. Kisha nikaongeza aya moja nikisema kwamba katika wiki ya kuwania mteja yule alifanya kazi saa 71, kwamba aliziandika kwa usahihi, na kwamba mimi, kiongozi wake, nilimwamuru aandike 40, na lilikuwa kosa langu. Nikamtumia aisome kwanza, nikamwambia akitaka aya hiyo itoke nitaitoa.

Alikaa kimya mpaka jioni. Kisha akajibu: "Iache, dada. Miaka yote hii nilidhani mimi ndiye niliyekosea kuhesabu."